Kikuza Sauti Kidogo cha Gitaa: Chombo cha Mwanagenzi na Historia Yake

Utangulizi

Gitaa la umeme la ubao mzito halina tumbo. Gitaa kavu lina tumbo la mbao nyembamba ambalo hupokea mtetemo wa nyuzi na kuukuza mpaka ukasikika nyumba nzima. Bali gitaa la umeme, likipigwa peke yake, hutoa sauti nyembamba kama ya mdudu aliye chini ya jani. Tumbo lake liko nje yake, ndani ya sanduku ambalo wanamuziki huliita ampu, nasi katika makala haya tutaliita kikuza sauti. Kwa hiyo ajifunzaye gitaa la umeme hujifunza ala mbili kwa pamoja, na akikosea kuchagua ya pili, ile ya kwanza haitamfaa kitu.

Kijana anapopata fedha za kununua kikuza sauti cha kupigia nyumbani, aghalabu hutamani kikubwa, mfano wa vile avionavyo jukwaani. Kile kidogo hukidharau, akidhani kwamba ni kipande tu cha kile kikubwa, kilichotengenezwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba dhana hiyo si sahihi. Kikuza sauti kidogo cha valvu kilibuniwa makusudi kwa ajili ya mwanagenzi na chumba chake. Aijuaye historia hiyo hachagui kwa macho. Huchagua kwa sikio, na kwa kipimo cha chumba alichonacho.

Valvu ni kitu gani?

Mwaka 1904, huko Uingereza, mtaalamu John Ambrose Fleming alibuni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, yenye ncha mbili za madini ndani yake. Ncha moja ilipopashwa moto, elektroni ziliruka kuelekea ncha ya pili, wala hazikurudi nyuma. Kwa kuwa mkondo ulipita upande mmoja tu, aliita chombo hicho valvu. Mwaka 1906, Lee De Forest wa Marekani akaongeza ncha ya tatu, yaani wavu mwembamba uliosimama katikati ya zile mbili. Nyongeza hiyo ndogo iliibadili dunia.

Ili tuelewe kazi ya wavu huo, tufikirie mfereji wa kumwagilia shamba. Maji ni mengi na yana nguvu. Lakini penye lango la mfereji mtoto mdogo aweza kuinua au kushusha ubao, na maji yote yakamtii mkono wake. Mtetemo dhaifu wa nyuzi za gitaa, ukiisha kugeuzwa kuwa umeme na sumaku zilizo chini ya nyuzi, ndio mkono wa mtoto. Wavu ni lango. Na mkondo mkubwa upitao ndani ya valvu ndio maji. Kila uzi unapotetemeka, mkondo mkubwa huiga mtetemo huo, na mwisho wake husukuma karatasi ya spika, nasi tukasikia. Redio za kwanza, mitambo ya simu za masafa marefu na filamu za sauti zilitegemea valvu hizo.

Gitaa latafuta sauti

Katika miaka ya 1920 bendi za dansi za Marekani zilikuwa zimejaa tarumbeta, saksafoni na ngoma. Mpiga gitaa aliketi pembeni akikwaruza nyuzi bila kusikika, mithili ya mnong'ono sokoni. Ndipo mafundi wakaanza kuutafuta umeme. Huko Los Angeles, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gitaa la sumaku ambalo liliingia sokoni mwaka 1932. Lilikuwa gitaa la kulaza mapajani kwa mtindo wa visiwa vya Hawaii, ambao wakati huo ulipendwa mno na Wamarekani.

Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la ES-150 na kikuza sauti chake cha valvu. Kijana Charlie Christian alilichukua gitaa hilo, na mwaka 1939 akajiunga na kundi la Benny Goodman. Kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi walilisikia gitaa likitamka sentensi zake lenyewe, likijibizana na klarineti pasipo kuomba ruhusa. Christian alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu, lakini alikwisha kuonyesha njia: mpiga gitaa alikuwa ametoka pembeni na kuja mbele.

Fundi redio wa Fullerton

Mtu aliyelipeleka jambo hili majumbani hakuwa mwanamuziki. Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909 katika jimbo la California, alikuwa fundi redio mwenye duka lake la matengenezo katika mji wa Fullerton. Hakujua kupiga gitaa. Alichojua ni kusikiliza malalamiko ya wapigaji walioleta vyombo vyao vibovu, na kila kilicholetwa kwake kilimfundisha mahali ambapo watengenezaji wengine walikosea. Mwaka 1946 alianzisha kampuni yake ya ala za umeme, na miaka miwili baadaye, mwaka 1948, akatoa kikuza sauti kidogo kilichoitwa Champion 800. Baadaye jina lilifupishwa likawa Champ.

Chombo hicho kilikuwa sahili kupita kiasi. Valvu zake zilikuwa tatu tu: ya kwanza ilipokea sauti dhaifu ya gitaa na kuikuza kidogo; ya pili iliipa nguvu ya kusukuma spika; ya tatu iliunyoosha umeme wa nyumbani uwe wa mkondo mmoja. Nguvu yake ilikuwa wati 4 hivi au 5, na spika yake ya inchi 6 au 8. Sanduku lilivikwa kitambaa cha aina iliyotumiwa kwa masanduku ya safari, na lilibebeka kwa mkono mmoja. Siku za mwanzo kiliuzwa pamoja na gitaa la kulaza mapajani, kwa ajili ya wanafunzi wa madarasa ya muziki wa Hawaii.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwalimu. Fender angeweza kumpa mwanagenzi kitu hafifu kwa hoja kwamba mwanagenzi hajui tofauti. Badala yake alimpa chombo kidogo kilichojengwa kwa namna ile ile ya vikubwa vyake: waya zilizounganishwa kwa mkono juu ya ubao ulio wazi, ambazo fundi yeyote wa redio angeweza kuzifuatilia kwa macho na kuzitengeneza. Ndiyo sababu vingi vya vyombo hivyo, vilivyoundwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, vingali vinapiga hadi leo.

Kasoro iliyogeuka kuwa sifa

Kila chombo kina mpaka wake. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya wimbi la sauti hukatwa. Lakini hukatwa taratibu, kwa mviringo, kama kisu kipitacho katika siagi. Sauti hupata ukwaruzo na utamu ambao haukuwemo katika nyuzi. Kwa fundi wa zamani hiyo ilikuwa kasoro ya kuepukwa. Kwa wapigaji ilikuja kuwa rangi mpya ya muziki.

Mwaka 1951, mjini Memphis, kundi la Ike Turner lilirekodi wimbo wa "Rocket 88" katika studio ya Sam Phillips huku kikuza sauti cha mpiga gitaa wao, Willie Kizart, kikiwa kimeharibika njiani. Badala ya kuahirisha kazi, waliiacha sauti ile iliyopasuka, na santuri ikapendwa. Mwaka 1964, mjini London, kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks aliikata kwa wembe karatasi ya spika ya kikuza sauti chake kidogo ili kupata ukwaruzo alioutaka katika wimbo wa "You Really Got Me". Na mwaka 1970, Eric Clapton na Duane Allman walipokutana Miami kurekodi santuri ya Layla, vyombo walivyovitumia studioni vilikuwa vile vile vidogo vya Champ, vilivyobuniwa kwa ajili ya wanafunzi.

Mfano huo wa mwisho unaeleza mengi. Wapigaji wale walikuwa na uwezo wa kununua chombo chochote walichokitaka. Lakini walijua kwamba kikubwa hakianzi kutoa rangi yake mpaka kifikie kelele ya kutikisa ukuta. Kidogo huitoa mapema, chumbani, mbele ya kinasa sauti. Jukwaa lilidai ukubwa, studio ikadai udogo. Na nyumba ya mpigaji, kwa kipimo chake, iko karibu zaidi na studio kuliko jukwaa.

Uingereza nayo ilikuwa na mafundi wake. Tom Jennings na Dick Denney, katika mji wa Dartford, walitoa kikuza sauti cha Vox AC15 mwaka 1958, kisha AC30 ambacho kilipata umaarufu kwa mikono ya The Beatles. Hawakuwasahau wanagenzi; walitengeneza pia AC4, chenye wati 4. Valvu zao za nguvu, aina ya EL84, zilikuwa na mlio mkali na mwangavu, tofauti na ule mwororo wa valvu za 6V6 alizotumia Fender. Hadi leo mnunuzi hukutana na koo hizo mbili, na hana budi kusikiliza zote mbili kabla ya kuamua.

Transista na valvu

Mwaka 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, transista ilibuniwa. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji kupashwa moto, na ilitumia umeme kidogo. Katika miaka ya 1960 wengi waliitabiria valvu kifo. Redio zikahama, televisheni zikahama, kompyuta zikahama. Mwaka 1966 kampuni ya Fender yenyewe, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenunuliwa na shirika la CBS, ilitoa vikuza sauti vya transista. Wapigaji hawakuvipenda, na baada ya miaka michache viliondolewa sokoni.

Sababu yake inaeleweka. Transista za siku zile zilipofika mpaka wa uwezo wao zilikata wimbi ghafla, kama panga likatavyo muwa, na sauti ikauma masikio. Valvu ilikuwa dhaifu kwa namna nzuri zaidi. Viwanda vikubwa vya valvu vya Marekani na Uingereza vilifungwa kimoja baada ya kingine, lakini kwa sababu ya wapiga gitaa na wapenzi wa santuri valvu zingali zikitengenezwa, hasa nchini Urusi, Uchina na Slovakia.

Jinsi ya kuchagua

Kutokana na historia hiyo tunaweza kutoa mashauri machache kwa mwalimu au mwanafunzi atakaye kununua chombo cha kupigia nyumbani.

Kwanza, asidanganywe na hesabu ya wati. Sikio la binadamu halihesabu kama duka. Nguvu ya umeme ikizidishwa mara 10, sikio husikia sauti imeongezeka kama mara mbili tu. Kwa hiyo chombo cha wati 50 hakipigi kelele mara 10 kuliko cha wati 5. Hupiga kama mara mbili, na wati 5 zenyewe, zikifunguliwa zote, zitawaamsha majirani. Kwa chumba cha kawaida wati 5 zinatosha na kusaza. Kwa nyumba za kupakana, wati 1 au chombo chenye swichi ya kupunguza nguvu kitafaa zaidi.

Pili, ajiulize ni muziki gani atakaoupiga. Anayetaka sauti ya kukwaruza ataipata mapema katika chombo kidogo. Anayetaka sauti safi na ya kung'aa, kama ile ya gitaa la solo katika muziki wetu wa dansi, naye ataipata, mradi apige kwa kiasi cha nyumbani asifungue sauti mpaka mwisho. Lakini asitarajie kukipeleka chombo hicho hicho ukumbini kushindana na ngoma na tarumbeta. Huko kitazidiwa, na sauti yake safi itapasuka.

Tatu, aitazame spika. Spika ndogo katika sanduku dogo hubana sauti za chini. Ya inchi 10 hutoa sauti nene zaidi hata kama valvu ni zile zile. Chombo ambacho kinaweza kuunganishwa na spika ya nje humpa mpigaji nafasi ya kukua bila kununua upya. Ila akumbuke daima: kikuza sauti cha valvu kisiwashwe bila spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuungua.

Nne, akague umeme. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, ilhali umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Kikichomekwa moja kwa moja kitaharibika papo hapo. Aepuke kabisa vile vya zamani vya bei nafuu vilivyoundwa bila transfoma ya kukitenga chombo na umeme wa ukutani, maana nyuzi za gitaa zaweza kuwa na umeme wa kuua. Wala asifungue sanduku kwa udadisi. Ndani yake mna volti zaidi ya 300, na baadhi ya vifaa huhifadhi umeme huo hata baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Tano, kama ananunua kilichotumika, akisikilize kikiwa kimewashwa kwa muda, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mngurumo mzito pasipo kupiga gitaa mara nyingi ni dalili ya vihifadhi umeme vilivyokauka kwa uzee. Aulize pia aina ya valvu. Zile za 12AX7, ambazo Ulaya huitwa ECC83, pamoja na EL84 na 6V6, zingali zikitengenezwa. Valvu za aina adimu zitamletea taabu.

Mwisho, akijaribu dukani kwa sauti ile ile atakayopiga nyumbani. Wengi hujaribu kwa kelele, wakanunua kwa kelele, kisha wakapiga kwa mnong'ono na kushangaa kwa nini utamu umetoweka. Na haki isemwe: si kila mtu anahitaji valvu. Vyombo vya transista na vya kidijitali vya siku hizi ni vyepesi, hutumia umeme kidogo, na vingi vina nafasi ya kuchomeka vidude vya masikioni. Mwanafunzi wa bwenini huenda akafaidika navyo zaidi.

Gitaa nyumbani na utamaduni wetu

Msomaji aweza kuuliza: historia ya California na London yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa kuwa muziki wa dansi wa Tanzania ni muziki wa gitaa. Tangu Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanzishwa Morogoro mwaka 1948, hadi NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, na hadi Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979 baada ya kuipamba Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, gitaa limekuwa ulimi wa pili wa mtunzi. Maneno yakiisha, solo huendelea na hoja.

Lakini katika bendi nyingi ala hazikuwa mali ya wapigaji. Zilikuwa za chama, za shirika au za tajiri. Mpigaji alizikuta mahali pa mazoezi na kuziacha hapo usiku. Utaratibu huo ulikuwa na faida kubwa: ulimwezesha kijana asiye na senti kushika ala za thamani, na uliziweka bendi hai kwa miaka mingi. Hata hivyo ulikuwa na gharama yake. Mpigaji alipogombana na mwenye ala, aliondoka na vidole vyake tu. Na nyumbani, alipopata wazo la wimbo usiku wa manane, alikuwa na gitaa kavu, lile ambalo wengi waliliita galatoni, au hakuwa na kitu. Waswahili husema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Gitaa kavu lilikuwa mwalimu mzuri, wala halipaswi kudharauliwa. Lakini gitaa la umeme lina adabu yake: jinsi ya kuzuia uzi usilie bila kuitwa, jinsi ya kugusa kwa wepesi na kuiachia spika kazi, jinsi ya kunyamaza. Mambo hayo hayajifunzwi kwa saa mbili za mazoezi ya pamoja, wakati kila mmoja anataka asikike. Yanahitaji faragha. Mshairi hutunga peke yake kabla ya kughani mbele za watu. Mpiga gitaa naye ana haki hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kikuza sauti kidogo kilizaliwa katika karakana ya fundi redio aliyewasikiliza wateja wake; kwamba kilitengenezwa kwa uaminifu ingawa mtumiaji wake alikuwa mwanagenzi; na kwamba baadaye mabingwa walikirudia kwa hiari yao. Mafunzo yaliyomo humo yanapita mipaka ya muziki. Chombo cha kujifunzia kisiwe kibovu kwa kisingizio kwamba ni cha kujifunzia, na ukubwa wa kitu upimwe kwa kazi yake.

Shule yenye klabu ya muziki, badala ya kukusanya fedha kwa miaka ili inunue mtambo mmoja mkubwa utakaofungiwa stoo na kutolewa siku ya sherehe, ingefanya vema kufikiria vyombo vidogo viwili au vitatu ambavyo wanafunzi wataruhusiwa kuvitumia kila jioni. Siku ya sherehe mtambo mkubwa waweza kukodiwa. Jioni za mazoezi hazikodishwi popote.